Wageni wa Juma Moja: Utume wa Kigeni Katika Nchi ya Singida

Kila mwaka, mtama ukishavunwa na barabara za vumbi zikishakauka kiasi cha kupitika pasi na hofu ya kukwama katika matope, huanza kuonekana katika viwanja vya makanisa, zahanati na shule za vijijini mkoani Singida makundi madogo ya wageni kutoka Marekani na Ulaya: mwalimu aliyestaafu, tabibu aliyechukua likizo, fundi wa mabomba, wanafunzi wawili watatu wa chuo kikuu, na mchungaji wao anayewaongoza. Wamejilipia nauli wenyewe au wamechangiwa na washarika wenzao, wamesafiri angani na ardhini hata miguu ikavimba, na aghalabu hawatakaa zaidi ya juma moja. Mintarafu ya kazi yao watu wamegawanyika. Wako wanaoiona kuwa ni hisani tupu isiyostahili kuulizwa swali, na wako wanaoiona kuwa ni matembezi yaliyovikwa vazi la dini. Mimi niliyeitazama kazi hiyo kwa karibu, na nikawapenda wengi wa wale wanaoifanya, nakusudia kumweleza msomaji jinsi juma hilo linavyokwenda, asili yake ilikotoka, na kwa nini thamani yake yote, ikiwa ndogo au ikiwa kubwa, imo mikononi mwa watu ambao siku ya nane hawaondoki.

Singida iko katikati ya Tanzania, masafa ya karibu kilomita 700 kutoka Dar es Salaam, juu ya uwanda wenye majabali makubwa ya itale na maziwa ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, yaliyoukumbatia mji wenyewe. Mvua yake ni ya msimu mmoja, na mvua hiyo ikipungua, mwaka mzima huwa mgumu. Watu wake, ambao kwa sensa ya 2022 walizidi milioni 2, ni Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyisanzu, Wagogo, Wabarbaigi, Wasukuma, na kule Mkalama wamo pia Wahadzabe. Waislamu na Wakristo huzikana na kualikana katika harusi kama jirani na jirani. Alizeti, vitunguu, asali na kuku wa Singida hujulikana hata katika masoko ya pwani. Ni nchi ya watu wenye bidii ambao ukame umewafundisha kuweka akiba, na mgeni anayeshuka garini akidhani kwamba amefika mahali pasipo na maarifa, amekwisha kukosea kabla hajafungua sanduku lake.

Wala mgeni huyo si wa kwanza. Wamisionari wa Kilutheri wa shirika la Leipzig walianza kazi Iramba mwaka 1911, wakaweka maskani yao Ruruma, na kazi hiyo ikavurugwa na vita kuu ya kwanza pamoja na kuondolewa kwa Wajerumani katika nchi. Katikati ya miaka ya 1920 wakaingia Wamarekani wa sinodi ya Augustana, kanisa lililoanzishwa mwaka 1860 na Waswidi waliohamia Marekani. Hao ndio waliokaa. Walijenga hospitali Kiomboi na Iambi, na wakaanzisha Kinampanda chuo cha ualimu ambacho leo ni cha serikali, na ambacho wahitimu wake wamefundisha watoto wa Kitanzania wa kila dini na kila kabila. Elmer Danielson, mmoja katika wamisionari hao, alifika Tanganyika mwaka 1928 na utumishi wake ukaendelea hadi 1968: miaka arobaini. Mwingine, Howard Olson, alijifunza lugha ya Wanyaturu hata akaandika tasnifu juu ya sauti na maumbo yake, aliyoikamilisha mwaka 1964, kisha akatumia sehemu kubwa ya umri wake kukusanya nyimbo za kanisa zenye mahadhi ya Kiafrika, ili washarika waache kuimba daima kwa sauti zilizoazimwa Ulaya.

Ili msomaji apate kupima umbali uliopo baina ya zama zile na zama zetu, na tumkumbuke bibi Danielson, mke wa Elmer. Mnamo tarehe 20 Machi 1941, vita kuu ya pili ikiwa imepamba moto na wamisionari wa Kijerumani wa Tanganyika wakiwa wametiwa kizuizini, iling'oa nanga kutoka bandari ya New York merikebu ya Kimisri iliyopewa jina la kisima kitukufu cha Makka, Zamzam. Ndani yake walikuwamo abiria wapatao 200, wengi wao wamisionari wa madhehebu mbalimbali, na miongoni mwao bibi Lillian Danielson pamoja na watoto wake sita, akimfuata mumewe aliyekuwa akiwangojea Tanganyika. Safari ilikuwa ya kuzunguka kusini mwa Afrika. Alfajiri ya tarehe 17 Aprili, katikati ya bahari ya Atlantiki, Zamzam ikapigwa mizinga na manowari ya Kijerumani iitwayo Atlantis, iliyokuwa ikizunguka baharini kwa sura ya meli ya biashara. Abiria wakashuka katika mashua, wengine wakaelea majini. Yule mama akawa na watoto wake sita katika bahari kuu, na hakuna hata mmoja wao aliyepotea. Wajerumani wenyewe ndio waliowaokoa, wakawahamishia katika meli nyingine, Dresden, na kwa kuwa Marekani ilikuwa haijaingia vitani, Wamarekani wengi wakaachiliwa walipofikishwa Ufaransa mwezi wa Mei. Katika meli ile alikuwamo pia Ralph Hult, mmoja wa waanzilishi wa kazi ya Augustana katika Tanganyika. Alipookoka alifunga safari tena, akafika, na mwaka 1943 akafa kwa malaria Dar es Salaam.

Sielezi habari hizi ili kuwaaibisha wageni wa leo kwa kuwapimia mashahidi wa jana. Zama zimegeuka, na ndege imekifanya kifupi kilichokuwa kirefu. Nazieleza kwa sababu zahanati anayofanyia kazi mgeni wa juma moja, na vitabu vya ibada vya Kiswahili anavyoshika mkononi, na hata ile desturi ya mwinjilisti wa mtaa kubisha hodi nyumba hadi nyumba akimtambulisha mgeni, ni matunda ya watu waliokaa miaka, wa kigeni na wa kienyeji, na hasa wa kienyeji, maana mmisionari mmoja aliyeandikwa vitabuni alikuwa na wainjilisti wengi waliotembea kwa miguu kutoka Iramba mpaka Unyaturu, na majina yao hayakuandikwa. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoundwa mwaka 1963 halikuwa tena kanisa la wageni. Leo mwenye nyumba katika Singida ni Dayosisi ya Kati, nayo ndiyo ikaribishayo.

Kwa Wakatoliki mambo yalikwenda kwa njia iliyofanana. Masista wa shirika la Medical Missionaries of Mary, lililoanzishwa mwaka 1937 na Marie Martin wa Ireland, aliyekuwa amehudumia majeruhi wa vita kuu ya kwanza huko Malta na Ufaransa, walifika Makiungu mwaka 1954 na kuianzisha hospitali ambayo hata sasa wagonjwa huiendea kutoka mbali. Kusini, katika vichaka vikavu vya Itigi, Wamisionari wa Damu Azizi walisimamisha Hospitali ya Mtakatifu Gaspari. Matabibu wa kigeni wanaokuja kwa majuma machache hupokewa huko na wauguzi waliozaliwa hapo hapo, na mtu mwenye macho huona mara moja nani anamfundisha nani mahali pa kuweka kila kitu.

Sasa turudi katika juma lenyewe. Siku ya kwanza na ya mwisho humezwa na safari, kutoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro kupitia Arusha na Babati na kuupita Mlima Hanang, mpaka wageni wanapofika jioni wakiwa wamejaa vumbi na kukuta chai, chapati na maji ya kuoga yaliyopashwa moto. Siku moja huwa ya Bwana. Zinazobaki ni nne, au tano zikiwa nyingi.

Ibada ya Jumapili katika usharika wa kijijini haina haraka. Kwaya ya vijana huimba, kisha kwaya ya akina mama, kisha kwaya kuu, na wageni huombwa wasimame kila mmoja aseme jina lake na mahali atokako. Lakini kitendo ambacho wengi wao huenda nacho moyoni ni kile cha baada ya ibada, pale nje ya mlango wa kanisa, washarika wanapounda duara na mzee wa kanisa akaanza kunadi sadaka za vitu: mayai katika bakuli, debe la mtama, mkungu wa ndizi uliotoka mbali, na jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani. Mgeni humnunua jogoo. Aghalabu hajui amfanye nini, hivyo humrudisha mezani, na jogoo yule yule hunadiwa tena, akanunuliwa na mama mmoja kwa bei ya chini zaidi, na watu wakapiga makofi. Fedha ya yule mama huingia katika mfuko mmoja na ya mgeni, mfuko wa mabati ya kanisa, na huandikwa katika daftari moja na mhasibu wa usharika. Naliona jambo hilo kuwa ni la maana kuliko hotuba zote za kukaribishana, kwa kuwa hapo mgeni hutoa akiwa katika safu, si juu ya safu.

Siku za kazi hutofautiana. Wako wanaopaka rangi madarasa, na juu ya hao sitasema mengi, maana rangi hupakwa na mtu yeyote, na kijana wa kijiji anayeshinda bila kibarua angeipaka vizuri zaidi kwa ujira ambao ungeilisha nyumba yake. Wako wanaofundisha shule ya Jumapili kwa mkalimani. Wako wanaoendesha kliniki, na hapa ndipo jambo linapokuwa zito.

Nilikaa siku moja katika ua wa zahanati moja ya Iramba wageni walipokuwa wakitibu. Tangu kabla ya jua kuchomoza halaiki ilikwisha kukaa chini ya miti, kila mgonjwa na daftari lake dogo la shule mkononi, lile analoandikiwa ugonjwa na dawa kila anapotibiwa. Aliingia bibi mmoja aliyejifunga vitenge viwili. Muuguzi mwenyeji alimwamkia kwanza, "Shikamoo, bibi," naye akajibu, "Marahaba, mjukuu wangu," na hapo tu ndipo mazungumzo yakaanza. Tabibu aliuliza kwa Kiingereza. Mkalimani akauliza kwa Kiswahili. Muuguzi, akijua kwamba bibi hakisikii vema Kiswahili, akauliza kwa Kinyiramba. Na jibu likarudi kwa njia ile ile, likipungua kila lilipovuka mdomo. Tabibu yule alikuwa mtu wa ikhlasi. Alipima shinikizo la damu, akapima tena, akaona liko juu sana, akampa vidonge vya siku thelathini, na akaandika katika daftari, kwa mwandiko wa haraka na kwa lugha yake mwenyewe, kwamba mgonjwa arudi baada ya mwezi.

Arudi kwa nani? Mwezi ule ukiisha tabibu yule yuko kazini kwake ng'ambo ya bahari. Anayebaki ni muuguzi, na nilimwona jioni, wageni walipokwenda kula, akiwa amevuta taa karibu, akipitia rejesta ya siku ile jina kwa jina, akitenga wale wenye maradhi yasiyokwisha kwa dozi moja, wa shinikizo la damu na wa kisukari na wa kifafa, na kuandika pembeni kijiji cha kila mmoja. Hao ndio atakaowafuata. Aliniambia bila ya kinyongo chochote kwamba dawa aliyopewa bibi haimo katika dawa ambazo zahanati hupata, hivyo itambidi ambadilishie taratibu na nyingine. Kazi ya tabibu ilichukua robo saa; ya muuguzi itachukua umri wa yule bibi.

Serikali haikulala katika jambo hili. Tabibu wa kigeni hawezi kugusa mgonjwa nchini mpaka asajiliwe kwa muda na Baraza la Madaktari Tanganyika, hata akiwa amekuja kwa siku tatu, na dawa zinazoingia na sanduku la msafiri zahitaji kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Wageni wengine hulalamika kwamba taratibu hizo ni adha. Mimi naona ni heshima wanayopewa wagonjwa wa Singida, heshima ile ile ambayo mgonjwa wa Minnesota huipata bila kuiomba, kwani hakuna nchi ya Ulaya wala Marekani ambayo ingemruhusu daktari wa Kitanzania ashuke ndegeni Jumatatu na kuanza kutibu Jumanne.

Na maji je? Hakuna zawadi inayopendwa na wachangiaji wa ng'ambo kuliko kisima, na katika nchi kavu kama hii nani atakikataa? Lakini ardhi ya Singida ina siri yake. Katika sehemu nyingi za mkoa maji ya chini yamechanganyika na madini ya floraidi kwa kadiri kubwa, na mtoto anayeyanywa tangu utotoni meno yake hupata mabaka ya rangi ya kahawia yasiyofutika maisha yake yote. Madini hayo yakizidi zaidi huharibu hata mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita, na Tanzania, kwa shida ya maji iliyokuwapo, kwa miaka mingi iliruhusu kiwango kikubwa kuliko hicho vijijini. Kisima kilichochimbwa kwa haraka, picha ikapigwa na pampu ikazinduliwa kwa sala, chaweza kuwa kinamimina maji safi kwa macho na yenye dhara kwa kinywa. Kwa hiyo hapana budi kupita kwanza kwa wataalamu wa Bonde la Kati, ambao ofisi yao iko Singida mjini, na kwa wakala wa maji vijijini, RUWASA, na kupima maji maabara kabla ya kuyafungulia watu. Fauka ya hayo, lazima iwepo jumuiya ya watumia maji yenye mfuko, ili pampu ikivunjika kipatikane kipuri. Hayo yote hayaingii katika juma moja, na hakuna haja yaingie. Mgeni anaweza kutoa fedha na akarudi kwao kabla ya tone la kwanza kutoka.

Iko habari moja iliyotokea katika mkoa huu huu ambayo naipenda, kwa kuwa inaonyesha juma linavyoweza kuvuka mipaka yake. Mwaka 2003 mtu na mkewe kutoka jimbo la Iowa, Floyd Hammer na Kathy Hamilton, waliokuwa wamestaafu na kukusudia kusafiri baharini kuizunguka dunia, walialikwa na rafiki yao waje katika kijiji cha Nkungi, kusaidia kukarabati nyumba ya matibabu ya wagonjwa wa UKIMWI. Walikuja kwa ajili ya kuta na paa. Walichokikuta ni ukame na watoto waliokuwa wakifa kwa njaa. Mwaka uliofuata wakaunda shirika la Outreach, wakaanza kukusanya watu wa kujitolea kwao Iowa kufungasha chakula kikavu chenye virutubisho, na kufikia tarehe 15 Julai 2013, Rais Barack Obama na Rais mstaafu George Bush mkubwa walipowapa tuzo katika Ikulu ya Marekani, chakula kilichogawiwa kilikuwa kimepita milo milioni 230 katika nchi 15.

Idadi hiyo ni kubwa, lakini mimi sivutwi nayo hasa. Chakula cha pakiti kilichovuka bahari ni nusura ya wakati wa dhiki, na dhiki ikipita mtama na uwele wa Singida wenyewe ndio unaopaswa kujaza chungu cha shule, kwa sababu mkulima naye ana mtoto shuleni na anahitaji mnunuzi. Kinachonivuta ni kwamba wazee wale walirudi Nkungi, wakarudi tena, hata wakajulikana kwa majina. Na kwamba pamoja na kuleta walianza kununua, wakavichukua vikapu vinavyosukwa na akina mama wa huko na kuviuza Marekani. Mama anayeuza kikapu huzungumza na mgeni kwa sauti nyingine, sauti ya mwenye mali anayetaja bei.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nao walimaanisha jembe la mwenyeji, katika shamba la mwenyeji, kwa mazao ambayo mwenyeji amekwisha kuamua kuyapanda. Ugumu wa utume wa juma moja ni kwamba mara nyingi mgeni huja na jembe lake na shamba lake akilini, na mwenyeji, kwa adabu aliyolelewa nayo, husema ahsante. Adabu hiyo naiheshimu, lakini katika jambo hili inawanyima faida wote wawili. Nimewasikia wachungaji na makatekista wakiambizana faraghani kwamba walichotaka ni mtu wa kuwafundisha wauguzi wawili kutumia mashine iliyoletwa mwaka juzi na bado imefunikwa kwa kitambaa. Wakaletewa kumi wa kupaka rangi. Hawakusema, kwa sababu hawakuulizwa, na kwa sababu waliogopa kwamba wakikataa kumi hao, hata fedha ya bati haitakuja.

Hofu hiyo haistahili kuwapo baina ya watu wanaoitana ndugu katika imani. Usharika wa Singida na usharika wa ng'ambo wakiandikiana mapema, mwenyeji aseme waziwazi ni ujuzi gani anaouhitaji, kwa watu wangapi, katika mwezi upi usiogongana na kilimo wala mavuno. Aseme nani atapokea wagonjwa baada ya kliniki, na dawa zipi zinapatikana zahanati. Aseme pia kazi zipi vijana wake wanazimudu na wanastahili kulipwa kwa kuzifanya. Mganga mkuu wa wilaya apewe nakala. Na barua hiyo ifike ng'ambo kabla tiketi hazijakatwa, maana zikishakatwa mwenyeji hubaki na njia moja tu, nayo ni kuchinja kuku na kungoja gari.